Kila Ijumaa kwa Idarusi

Nilimpoteza mke wangu kwa sababu ya debe moja la mafuta ya taa, na sitaki mtu anipoze moyo kwa kuniambia ni majaaliwa. Majaaliwa nayaamini, lakini siku ile mdomo ulikuwa wangu.

Jina langu Uweso. Mwaka wa hamsini na nne nilikuwa karani wa ghala bandarini Mombasa, kazi ya kuhesabu magunia. Mke wangu, Mwanamkasi, nilimwacha kwetu Tanga, mtaa wa Usagara, kwa kuwa mamake alikuwa mgonjwa naye hakuwa na binti mwingine. Posho yake niliipanga kama wanavyopanga wote wenye kufanya kazi mbali. Dukani kwa Idarusi, Mwarabu wa Kishihiri wa pale mtaani, nilikuwa na daftari. Kila Ijumaa Mwanamkasi anakwenda, anapimiwa mchele na sukari, anatiliwa mafuta ya taa, anapewa na shilingi tatu za kitoweo. Idarusi anaandika. Mwisho wa mwezi mimi natuma fedha kwa posta. Barua zangu nazo zilipitia sanduku lake la posta, na Idarusi ndiye aliyemsomea Mwanamkasi, maana yeye hakujua kusoma. Miaka minne mambo yalikwenda hivyo, hata nikasahau kwamba yanakwenda kwa sababu ya daftari. Niliyaona yanakwenda yenyewe tu.

Mwezi wa Shaabani nilipata ruhusa ya siku nne nikaja nyumbani. Siku ya kurudi nilimuaga mke wangu vizuri, nikabeba sanduku langu, nikapitia kwa Idarusi kutazama hesabu kabla ya basi. Nikakuta pameandikwa debe zima la mafuta ya taa, shilingi kumi na moja.

"Debe hili la nani?" nikamuuliza.

"Lenu, bwana Uweso. Lilichukuliwa Rajabu."

"Rajabu mimi nilikuwa Mombasa."

"Basi uliza nyumbani."

Duka lilikuwa na watu, na mimi mbele za watu huwa siwezi kushuka. Hiyo ndiyo tabia yangu, najijua. Nyumbani palikuwa hatua hamsini. Ningerudi, ningeuliza, ningejibiwa, ningewahi basi. Lakini mimi nikaona nimetukanwa.

"Nahesabu magunia elfu kwa siku, wewe unitume nikaulize wanawake? Lete jumla. Nakulipa yote, na hilo debe nakupa sadaka. Kisha lifunge daftari hili. Sitaki jina langu lionekane humu tena."

"Tulia, bwana. Kuna mambo mengine humu, tuyatazame kwanza."

"Sikukuuliza mambo mengine."

Nikaupitia ukurasa ule kwa sauti, mstari kwa mstari, sigara, sabuni, viberiti, nikalipa mpaka senti ya mwisho. Nikachukua kalamu yake ya wino mwekundu, nikapiga mistari miwili toka juu mpaka chini, nikatia sahihi. Wallahi, nilitoka pale nimejaa furaha.

Mke wangu sikumsahau kabisa, nisijidhulumu. Karibu na stendi ya mabasi kulikuwa na duka la Mwinyijuma, mtu mzima, mswalihina. Nikafungua daftari jipya papo hapo, nikaweka fedha ya mwezi mmoja, nikampa na anwani ya chumba kipya nilichokuwa nahamia Mombasa.

"Mke wangu Mwanamkasi akija," nikamwambia, "mpe kila Ijumaa mchele, sukari, mafuta na shilingi tatu."

"Akija tu, bwana. Hana shida."

Basi likapiga honi, nikapanda. Tulipofika Horohoro ndipo nikakumbuka kwamba Mwanamkasi mwenyewe hajui habari ya Mwinyijuma. Nikajiambia nitamwandikia. Nikafika Mombasa, nikashika karatasi, nikakumbuka kwamba barua zake zinapita kwa Idarusi, nami nimeapa jina langu lisipite pale tena. Nikaiweka kalamu. Nikasema mtaa ni mdogo, atasikia. Kila mwezi nikamtumia Mwinyijuma fedha, na kila mwezi Mwinyijuma akanijibu kwa mstari mmoja, kwamba zimefika salama. Mimi nikalala usingizi wangu. Ruhusa haikupatikana, kazi ilikuwa nyingi, ikapita miezi kumi.

Nilipokuja nilikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Nilikuwa na doti mbili za kanga mkononi. Jirani yetu, bi Asmahani, akatoka nje.

"Shikamoo, bi Asmahani. Mwanamkasi yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Yuko kwa kaka yake, Haji. Eda imekwisha mwezi uliopita."

"Eda? Nani kafa?"

"Hakufa mtu. Eda yako wewe. Kadhi amemtoa."

Nikakaa chini pale pale kizingitini. Bi Asmahani akanieleza polepole. Mwanamke ambaye mumewe hampi posho wala hajulikani alipo ana haki ya kwenda kwa kadhi kuvunja ndoa. Mwanamkasi alingoja miezi minne, akila kwa kaka yake na kushona kofia za watu. Kadhi naye akaniandikia barua Mombasa, ikapelekwa kwenye chumba changu cha zamani, ikarudi ilivyokwenda.

Nilikwenda kwa Mwinyijuma nikitweta.

"Miezi kumi mke wangu haji, nawe umenyamaza?"

"Bwana Uweso, ulisema akija," akasema. "Mimi niende kubisha hodi kwa mke wa mtu, na mumewe yuko safarini? Watu wangesemaje? Fedha yako yote ipo, hata senti haijapungua."

Ningekuwa yeye, na mimi nisingekwenda.

Jioni Haji alinikaribisha barazani. Hakuwa na maneno makali. Mwanamkasi alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango, kwa kuwa sikuwa tena mumewe wa kumtazama. Nikaeleza yote, daftari jipya, fedha, barua niliyoacha kuiandika. Nikasema sikumwacha hata siku moja, wala moyoni. Nikasema eda imekwisha, naweza kumposa upya, mahari nitatoa maradufu.

Mwanamkasi akasema kutoka nyuma ya pazia, "Lile debe nililichukua mimi. Mama alizidiwa, tukakesha naye siku kumi na taa. Ungeniuliza ningekwambia."

"Nimekosa, Mwanamkasi."

"Ijumaa ile nilikwenda na kikapu changu kama kawaida. Idarusi akanionyesha karatasi. Mimi sijui kusoma, lakini mistari miwili myekundu naiona. Nikamuuliza, yeye mwenyewe kasema nini? Akaniambia ulisema hutaki jina lako lionekane pale tena. Kaka alitaka kukufuata Mombasa, mimi nikamkataza."

"Kwa nini ukamkataza?"

"Kwa sababu nilijua ulihesabu. Idarusi alinisomea vyote ulivyovitaja siku ile. Mpaka viberiti, Uweso. Viberiti ulivikumbuka."

Haji akakohoa, akasema kuna mtu wa Muheza, mwenye shamba la machungwa, amekwisha leta posa na wamempokea. Nikaziweka zile kanga barazani. Kesho yake mtoto wa Haji alinirudishia, zimekunjwa vile vile.

Nilitamani kulia na nililia, sioni haya kusema. Aliolewa Mfunguo Mosi, mara baada ya Ramadhani. Nasikia anaheshimiwa huko.

Mimi niliacha kazi ya Mombasa nikarudi Usagara. Kila nikipita stendi Mwinyijuma huniita. "Bwana Uweso, daftari lako bado lina fedha ya miezi kumi. Nikurudishie, tulifunge?" Miaka inakwenda, naye bado ananiuliza. Humwambia aliache kwanza, nina haraka. Kisha naenda zangu nyumbani, ambako sina haraka na mtu.