Herufi Alizoruka Phiona

Basi la Entebe lilikuwa limeshaanza kutembea, na Phiona bado anapiga kelele dirishani. "Mama, ujumbe asome Mildred! Huko Uarabuni kwa bosi sitaweza kuongea na simu, nitaandika tu. Na usipelekee majirani simu wakusomee, watauza habari zetu sokoni!"

"Sawa, wewe nenda!" Taaka akajibu, akikimbia kando ya basi, amemshika mkono mjukuu wake Mildred.

Taaka mwenyewe hakujua hata a. Mildred alikuwa na miaka saba, nyumbani Busia ya Uganda lakini anasoma ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, ndiyo maana walikubaliana maneno yaje kwa Kiswahili. Basi kila jioni mtoto anaimba ba, be, bi, bibi anapepeta maharagwe na kusikiliza. Akisikia kisicho na maana anasema, "Hiyo hapana. Rudia."

Ujumbe wa kwanza ukaja: NMFKA SLMA. Mildred akakwama mpaka akalia. Okurut, mzee wa Kiteso aliyepanga chumba cha nyuma, akaitwa. Si kusoma, kufundisha tu.

"Mamako amekula herufi," akasema. "Vijana ndivyo wanaandika. Wewe jaza zile zinaleta maana."

"Kwani huyo bosi hampi chakula, mpaka ale herufi?" Taaka akauliza.

"Ni-me-fi-ka sa-la-ma!" Mildred akaruka. Bibi akapiga vigelegele, kuku wakatawanyika.

Miezi ikapita, ukaja mwingine: WNNPGA KLA SKU. MAMA NFNYE NN.

"Wa-na-ni-pi-ga," Mildred akasoma. "Ki-la si-ku. Mama ni-fa-nye ni-ni."

Taaka akaweka ungo chini. "Nani ampige Phiona? Mtu mzima, anainama akipita mlangoni! Hiyo hapana. Rudia."

Mildred akatazama uso wa bibi, akatazama simu, akaongeza herufi. "Wa-na-ni-pi-gi-a."

"Eeh! Wanampigia simu. Wachumba hao! Sasa anaona haya, anauliza mama yake afanye nini. Andika: Ni vizuri. Waendelee."

Mildred akaandika, bila kuruka herufi hata moja.

Baada ya hapo simu ilinyamaza. Taaka akawaambia watu bintiye amepata mume, ndiyo maana amesahau kwao.

Phiona alirudi mvua za mwaka uliofuata, ameshikwa mkono na mtu asiyejulikana. Sikio la kushoto halisikii, kiwiko hakikunjiki.

"Nilikuwa nimepata mtu wa kunitorosha mpaka ubalozini," akasema. "Nikasema ngoja kwanza nimuulize mama. Mama akasema waendelee."

Taaka akaeleza mambo ya kupiga na kupigia, akarudia, akalia. Phiona akamgeuzia sikio lile zima mpaka akamaliza.

"Mtoto alisoma nini mara ya kwanza?"

"Wananipiga."

"Basi alisoma vizuri," Phiona akasema, akaingia ndani.

Sasa Phiona yuko Nagongera, anauza mitumba siku za soko. Busia haji. Taaka alikufa mwaka jana, presha. Okurut alihamia Mella, anachunga ng'ombe wa shemeji yake. Mildred anakaa na mama yake, yuko darasa la tano, shule ya upande wa Uganda. Kuandika anaandika. Akiambiwa asome kwa sauti ananyamaza, na mwalimu anamchapa.