Pembe Zilizooshwa Mara Saba

Siku ya kumi, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, nilipanda treni ya alfajiri na mfuko wa pembe miguuni. Kutoka Xiaobei, mtaa wetu hapa Guangzhou, hadi shamba la kulungu kule Conghua ni treni tatu na basi moja, na kwa siku tisa nilikuwa nimekwenda na kurudi bila kukosa hata moja. Macho yaliniwasha. Rotich alikuwa kando yangu, kichwa amekiegemeza kwenye kioo kilichojaa ukungu.

"Mjomba wako alisema nikusindikize," alinung'unika. "Hakusema tunaenda mwisho wa dunia. Tumefika?"

"Bado basi."

"Na basi tena! Woi, dadangu."

Rotich ni Mkenya wa Bomet. Hununua vifaa vya simu na kuvisafirisha kupitia ofisi ya Mjomba Maulid, pale jengo la Tianxiu, ninapofanya kazi. Amekulia kwenye ng'ombe na mbwa, na mjomba aliona siku ya mtihani nisiwe peke yangu.

Mtihani ulikuwa wa mbwa, ingawa usiku kucha nilihisi ni wangu.

Mwezi mmoja nyuma, Laoban He alikuja ofisini kulalamika. Laoban maana yake bosi, na huyu ana ghala la viatu karibu na stesheni ya Liuhua na shamba la kulungu milimani. Kulungu wa huku si kama swala wa kwetu. Dume hudondosha pembe zake kila mwaka, majira haya ya mvua nyepesi, kisha huota nyingine. Laoban huziuza pembe hizo kwa wapishi wa supu za dawa. Lakini zinaangukia ndani ya vichaka vya mianzi, na panya wanazitafuna kabla wafanyakazi hawajaziona.

Nilikuwa nikitafsiri, nikajisahau, nikaongeza la kwangu. "Mbwa anaweza kufundishwa kuzitafuta."

Mjomba alinikazia macho. Lakini nilikuwa nimehitimu shahada ya wanyamapori hapa hapa Guangzhou, na tangu siku ya kuvaa joho sikuwa nimemgusa mnyama yeyote. Nilikuwa napanga karatasi za makontena. Nyumbani Tanzania kuna mbwa wanaonusa pembe za ndovu kwenye mizigo, na ndoto yangu ni kufanya kazi hiyo. Nilitaka kuanza mahali fulani, popote.

Laoban He alicheka, kisha akanipa mbwa wa ghala lake. Alikuwa wa rangi ya tangawizi, miaka minne kwenye mnyororo. "Siku kumi," alisema. "Akiweza, abaki shambani. Akishindwa, anarudi mlangoni."

Nilimwita Tangawizi. Siku ya kwanza shambani nilipomfungua, alikwenda hatua mbili akasimama, akageuka kunitazama. Ndio ulikuwa urefu wa mnyororo wake. Asubuhi nzima ilikuwa hivyo: hatua mbili, anasimama, anageuka. Nililia kidogo nyuma ya banda la majani, kisha nikaanza kazi.

Alijifunza upesi kuliko nilivyotarajia. Nilificha pembe, akaitafuta, akaipata, akakaa chini na kunitazama. Nikampa kipande cha kuku. Siku zote nilivaa glavu, kwa kuwa vitabuni tulifundishwa kwamba harufu ya mkono wa mwalimu humpotosha mbwa. Akawa hakosi. Chini ya majani, nyuma ya jiwe, ndani ya ndoo, alizipata zote.

Tatizo dogo lilikuwa mate yake. Akishapata pembe huipenda, huilamba, huitia mdomoni. Stoo ya shamba ina panya, kwa hiyo pembe nililala nazo nyumbani, na nyumbani ni kwa mjomba, watu wanaswali. Mke wa mjomba, Aunti Zainabu, alinisimamisha mlangoni siku ile ile ya kwanza.

"Swalha, hayo madude yametoka mdomoni mwa mbwa?"

"Ndiyo, Aunti."

"Basi najisi hiyo isivuke mlango wangu."

Nikaziosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani tukiwa wadogo. Lakini gorofa ya kumi na tisa udongo utaupata wapi? Nilinunua mfuko wa udongo wa maua, mfuko wa kijani wenye picha ya waridi. Kila jioni nilichuchumaa bafuni nikisugua pembe, kuta zikitoa jasho kwa unyevu wa majira haya, mgongo ukiuma, kope zikifunga zenyewe. Mara saba kila pembe. Pembe sita. Siku tisa.

Laoban He alikuwa anatusubiri na mwavuli. Wafanyakazi wake walikuwa wameona pembe tatu mpya mlimani, wakaziacha palepale. "Mwache azipate hizo," alisema. "Za kuficha nimechoka kuziona."

Nilimfungua Tangawizi. Alipanda mlima kwa furaha, pua chini. Nilimfuata nikihema. Kwenye mizizi ya mianzi niliiona pembe ya kwanza, ya kahawia, damu kavu kidogo kwenye shina lake. Tangawizi aliifikia, akapita.

"Dada," Rotich alinong'ona. "Ameikanyaga. Ameikanyaga kabisa!"

"Nyamaza."

Aliipita ya pili. Ya tatu aliinusa kidogo, akakojolea mti uliokuwa karibu. Kisha akainua pua juu, masikio yakasimama, akateremka mbio. Nilijua mwendo ule. Ni mwendo wa mbwa aliyepata.

Tulimkuta mbele ya ofisi ya Laoban, kwenye miti midogo ya machungwa ambayo huku watu hupambia milango wakati wa mwaka mpya. Jana yake walikuwa wamebadilisha udongo wa vyungu. Tangawizi alikuwa amekaa mbele ya chungu cha kwanza, wima, ananitazama. Sikumpa kitu. Akahamia chungu cha pili, akakaa. Cha tatu, akakaa. Kila mara alitazama mfuko wangu wa kuku kwa subira, kama anayedhani mwalimu wake hajaona vizuri.

Ukutani kulikuwa na mfuko wa kijani wenye picha ya waridi.

Nilitoa pembe moja kwenye mfuko wangu nikainusa. Haikuwa na harufu yoyote ya kulungu. Ilinuka udongo wa maua. Niliketi kwenye ngazi yenye maji bila kujali.

Rotich alinisikiliza nikimweleza. Alijaribu asicheke, akashindwa. "Mara saba? Kila siku? Basi mwanafunzi amefaulu, dadangu. Umefundisha mbwa wa bustani."

Kisha akaniona uso, akaacha.

Nilimweleza na Laoban He, kwa Kichina changu kilichochoka, kuhusu kuswali, mate, udongo na gorofa ya kumi na tisa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mbwa hakukosea."

"Hakukosea. Nimekosea mimi."

"Basi siku kumi zimekwisha," alisema, wala hakusema kwa ukali. "Ghala halina mbwa. Gari linaondoka sasa hivi."

"Nipe siku tatu, Laoban. Kwa pembe ambazo sijaziosha."

"Bu xing." Haiwezekani. Aliangalia vyungu vyake, akakirudisha kimoja mahali pake kwa mguu. "Pembe zinaanguka kila mwaka. Mwakani mlete tena, tuone."

Nilimwomba kitu kimoja tu, pembe moja ya kule mlimani, nacho alinikubalia. Rotich alipanda tena mlimani bila kuombwa, akarudi na viatu vimejaa matope na ile pembe ya kwanza ameifunga kwenye jani. "Sijaigusa, mwalimu," alisema.

Tulirudi tumepanda nyuma ya gari la mizigo, sisi watatu. Nilimsogezea Tangawizi ile pembe mpya. Aliinusa kwa muda mrefu, damu, nywele, ukungu. Halafu akanitazama, akakaa. Hakuwa ameelewa. Alikaa kwa sababu nilitaka sana akae, na aliliona hilo.

Liuhua mikokoteni ya viatu ilikuwa imejaa njiani. Mlinzi wa ghala alimfunga mnyororo. Nilimuuliza kama naweza kuja asubuhi, kabla ya soko kufunguliwa, nikamtoa kidogo. Akainua mabega. Pembe aliitundika kwenye msumari ndani ya mlango.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja bafuni nikaosha mikono mara saba. Aunti Zainabu alisimama mlangoni na kitambaa.

"Na pembe za leo ziko wapi?"

"Nimeziacha huko, Aunti. Hazitaoshwa tena." Nikamweleza yote.

"Mwanangu, mimi nilisema isivuke mlango. Nani alikwambia uoshe?"

Alinipa kitambaa, kisha akaniwekea chai ya maziwa nikainywa nimesimama.

Asubuhi nilikwenda Liuhua kwa miguu. Ni mwendo wa dakika thelathini tu, hakuna treni wala basi. Mlinzi alikuwa anapiga miayo, nami nikaambukizwa. Nilivaa glavu, nikaitoa pembe msumarini, nikaificha nyuma ya rundo la maboksi matupu. Kisha nikamfungua Tangawizi.

Alikwenda hatua mbili. Akasimama, akageuka.

Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa. Nilichuchumaa palepale chini, nikamsubiri aende ya tatu.