Onja Kwanza

Milembe alianza kumshuku mkamwana wake kwa jambo dogo la magoti. Asubuhi hiyo Goodness alipiga magoti kama kawaida, akamwamkia mama mkwe wake kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," ila aliyapiga kule mlangoni, mbali, na kikombe cha uji akakiacha juu ya kigoda badala ya kumkabidhi kwa mikono miwili. Tena alikuwa amejifunga kitenge puani.

"Una nini?"

"Mafua tu, mayu."

Mafua gani ya kumhamisha mtu na mkeka wake hadi stoo ya pamba? Tangu atoke Bariadi mjini kwenye semina ya wahudumu wa afya, Goodness alikuwa na sahani yake na kikombe chake. Hata ile ndoo yenye bomba ya kunawia, iliyosahaulika tangu enzi za corona, aliirudisha uani. Choroko ambazo Milembe alikuwa akizihifadhi humo alizimwaga kwenye gunia bila hata kuomba. Mumewe Malimi, mwana wa Milembe, alikuwa mbali, kiwandani, akipakia marobota ya pamba. Milembe akajiambia kwamba binti huyu anautaka mji wake, boma zima, na anataka kuupata upesi.

Hapo kijijini Migato, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Tangu aolewe Goodness alikuwa akifanya hivyo bila kukumbushwa. Leo hakufanya.

"Onja kwanza," Milembe alisema.

"Leo siwezi, mayu. Nimimine kidogo kwenye kikombe changu, ninywe uone?"

"Kikombe kingine kinanihusu nini? Sumu hupakwa kikombeni. Onja hiki."

Goodness akatikisa kichwa. Basi Milembe akamwita shemeji yake Mboje, mkubwa wa ukoo, naye akaja na fimbo yake ya ng'ombe, akakiangalia kikombe kwa mbali kama kinachoweza kung'ata.

"Onja, yaishe," alisema.

Hapo Goodness akalia, akasema yote. Kule semina alimsindikiza mgonjwa hospitali, sasa naye anakohoa. Vipimo havijarudi. Wahudumu waliambiwa wasiseme mpaka majibu yatoke, watu wasije wakaogopa. "Nadhani ni corona, imerudi."

Mboje alicheka mpaka akashika mbavu. "Corona tuliipigia nyungu, tukajifukiza mvuke, ikaisha."

Milembe hakucheka. Alichukia kweli kweli, kwamba mtu afufue ugonjwa uliokufa ili afiche sumu yake. Akaumwaga uji chini. "Rudi kwenu Mkula."

Mboje akaita bodaboda, lakini Goodness akakataa kupanda, eti hataki kumkoholea kijana wa watu mgongoni. Akajitwika mzigo wake akashika njia ya zahanati kwa miguu. Hilo nalo Milembe aliliona ni jeuri, na mchana kutwa aliwasimulia majirani: aliambiwa aonje, akakataa.

Keshokutwa yake alikuja nesi Flora wa zahanati. Alivaa barakoa, akasimama katikati ya uwanja, akasema majibu yametoka, ni ile ile.

"Nani hapa alikula naye sahani moja, au kunywa naye kikombe kimoja?"

"Hakuna," Milembe alisema. "Alikataa."

Neno likamtoka, kisha akalisikia. Akaangalia pale chini alipoumwaga uji.

"Yuko wapi?" Milembe akauliza.

"Chumba cha nyuma, kwetu. Anapumua kwa shida, tumeomba mtungi wa oksijeni kutoka mjini. Kula hataki."

Milembe alikoroga uji kwa mkono wake, akatia maziwa, akaujaza kwenye chupa ya chai. Kule zahanati nesi alimruhusu auweke kwenye kizingiti cha dirisha, kisha arudi nyuma hadi kwenye uzio. Akamimina kikombe, akakiweka, akarudi nyuma. Goodness alitokeza dirishani, macho yamemwingia ndani.

"Kunywa, mwanangu."

Goodness alikiangalia kikombe, kisha akamwangalia yeye. Milembe aliyajua macho yale. Ndiyo aliyokuwa nayo mwenyewe asubuhi ile.

Haraka akatoa kikombe cha pili kwenye kapu, akamimina kutoka chupa ile ile, akakiinua juu kionekane, akanywa uji wote. Ulimuunguza ulimi. Akakipindua kikombe.

"Umeona?"

Goodness alipumua mara kadhaa kabla ya kupata sauti.

"Hicho ni kikombe kingine, mayu."

Milembe akakaa chini pale kwenye uzio, chupa mapajani, akakitazama kikombe cha dirishani mpaka uji ukaacha kutoa moshi.