Jani la Sale Chini ya Genge

Siku Eliezeri alipofariki, ng'ombe alichelewa kukamuliwa, naye akalia kuonyesha wazi kwamba hakupendezwa. Elisifa aliikumbuka kelele hiyo kuliko mengi mengine ya siku ile. Mumewe alikuwa ametoka alfajiri kukata majani upande wa chini wa kihamba chao, shamba la migomba la ukoo huko Uru, akaketi chini ya mgomba apumzike, na hakuinuka tena. Daktari alisema ni moyo. Majirani walisema amekufa vizuri. Elisifa alikuwa amemkasirikia marehemu, na hilo si jambo la kuwaambia watu waliokuja kukupa pole.

Hasira yenyewe ilihusu bahari. Eliezeri alikuwa mwongoza wageni mlimani tangu ujana. Alishawapandisha Wajerumani, Wakorea, na bibi mmoja wa Kanada mwenye goti la chuma. Naye alimwahidi mkewe, tangu wakiwa wachumba, kwamba angempeleka kwenye ufuko alioufikia alipokwenda na kwaya mkoani Tanga. Hakuna hoteli, alisema. Mchanga mtupu, genge refu nyuma yake, na mwisho kabisa pango linalotoa maji baridi, matamu. "Msimu ukiisha, Mama Grace," alikuwa akisema. Msimu uliisha kila mwaka, halafu bati linavuja, au ndama anaumwa.

Kwa Wachagga, aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la sale, ule mmea unaopandwa mipakani, na ukishaletewa sale huwezi kukataa kusamehe. Shida ni kwamba aliyekosa alikuwa amelala mgombani, chini ya saruji. Elisifa alilifikiria jambo hilo miezi kadhaa. Mwisho akakata tawi la sale kwenye mpaka wa kihamba, akalifunga katika kitambaa kibichi. Angejipelekea mwenyewe kwa niaba ya mumewe, palepale pangoni alipoahidiwa. Akishalipokea, mambo yaishe.

"Mama, na mchungaji akisikia?" aliuliza Grace, binti yake.

"Atasikia nimekwenda kuona bahari."

Hosea, mdogo wake marehemu, alijitolea kuwasindikiza. Naye alikuwa mwongoza wageni, na bahari alikuwa hajawahi kuiona. Alifika stendi ya Moshi na buti, masweta, kurunzi ya kichwani, fimbo, na kofia ya kuficha uso ikabaki macho tu.

"Baba mdogo, Tanga ni joto," Grace alimwambia.

"Hata kwenye geti la mlima ni joto. Watu huanza kulia wakishafika juu."

Kesho yake walifika ukingoni mwa lile genge, mahali njia inapoanza kushuka. Mama mmoja aliyeuza madafu hapo aliwapima kwa macho, yakatua kidogo kwenye zile buti.

"Maji yamekupwa, mnaweza kupita," aliwaambia. "Mtakuta mwamba umejitokeza kama pua. Mkiuvuka, muwe mnageuka kuutazama. Maji yakianza kugusa mguu wake, rudini. Yakijaa hapapitiki, na genge hili halipandiki. Msikae chini yake, mawe huanguka. Na msiogelee kupita kiuno, mkondo unavuta."

"Nimekuelewa, mama," alisema Hosea kwa furaha ya mtu aliyesikia lugha ya kwao. "Saa ya kugeuka."

Huko chini Hosea alitangulia, na hakuruhusu mtu ampite. "Polepole," alisema.

"Baba mdogo, huku ni tambarare."

"Wanaorudi kwa machela ni wale wanaokimbia."

Kila baada ya muda aliwasimamisha wanywe maji, akawakagua kucha kama zimebadilika rangi kwa kukosa hewa. Hazikuwa zimebadilika. Elisifa alivua viatu. Mchanga ulikuwa wa vuguvugu, na ufuko wote ulikuwa wao. Aliingia hadi magotini, akachota maji, akaonja.

"Nani ametia chumvi yote hii?" aliuliza, akaonja tena.

Saa ya kula, Hosea alitandika sweta chini ya genge kukwepa upepo, kama wafanyavyo mlimani. Kijiwe kikaanguka katikati ya bakuli la kiburu, ule mseto wa ndizi na maharage. Hosea akalikunja sweta, akahamia juani.

Walipokaribia mwisho wa ufuko, pango lilionekana. Majani mabichi yalining'inia mlangoni, na maji yaling'aa ndani yake. Elisifa alifungua kitambaa. Kisha akakumbuka, akageuka kuutazama ule mwamba. Povu lilikuwa likiugusa mguu wake.

"Tumalizie, shemeji," alisema Hosea. "Ni hapo tu. Umelibeba kutoka Uru."

Elisifa alitazama pango. Kila msimu Eliezeri alirudi na habari za wageni aliowageuza kilele kikiwa mbele ya macho yao. Wengine walilia, wengine walimtukana. Alikuwa akisimulia huku anakula, na Elisifa alidhani ana roho ngumu.

"Saa ya kugeuka imefika," alisema.

"Lakini pango unaliona."

"Nao walikuwa wanakiona kilele. Kaka yako angefanyaje?"

Hosea alitazama pango, akatazama buti zake. "Angegeuka." Akatangulia. "Haya. Polepole."

"Hosea," alisema Elisifa, ambaye hakuwahi kumwita kwa jina. "Kimbia."

Walikimbia. Waliizunguka ile pua maji yakiwa mapajani, Grace amebeba begi kichwani, Elisifa ameinua sale juu kama mtu anayeomba kuuliza swali darasani. Fimbo ya Hosea ilichukuliwa na bahari.

Juu ya genge, mama wa madafu aliwauliza, "Pango mmeliona?"

"Tumeliona," alisema Elisifa.

Huko chini mchanga ulikuwa umekwisha. Elisifa alilihamisha sale kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.

"Nimepokea," alisema.

Hosea alivua ile kofia, kisha akaketi kumwaga maji kwenye buti. Alipomaliza ya pili, Elisifa alikuwa analia, na Grace alikuwa amemshika bega.

Tawi lile lilipandwa karibu na kaburi, na limeshika. Siku hizi majani ya ng'ombe anakata Elisifa, baada ya kukamua.