Picha Zilizoharibika

Mathe alimwaga gunia la vitambaa sakafuni kwa mara ya pili, akapiga magoti, akaanza kuchambua. Vipande vya kitenge, pindo za suruali, nyuzi. Kipande cha picha hakikuwemo.

"Papa Joyeuse, acha," mkewe Élise alisema. "Ile kipande uliwashia nayo pasi. Mi niliona."

Ni kweli. Fundi cherehani wa Butembo huwashia pasi yake ya makaa chochote kilicho karibu, na siku ile kilichokuwa karibu ni binti yake Joyeuse, aliyekatwa kutoka pichani.

Picha hiyo, ya Élise na Joyeuse, ilipokuwa bado nzima aliipeleka mwenyewe kwa wenzake, watu wachache wenye kamera za mitumba na mapenzi yasiyo na faida, waliokutana baada ya misa nyumbani kwa mzee Stanislas kuonyeshana picha na kurekebishana. Hakuna aliyetukanwa pale. Ulisifiwa kwanza, ndipo ukaambiwa. Madame Kavugho, mwalimu, alisema kwa upole wake wote: "Mama Joyeuse ametokea muzuri, mwangaza iko sawa. Lakini mutoto, pale pembeni, anavuta macho. Kata hapa tu, utaona."

Mathe akakata. Mkasi wake haukuwa na mazoea ya kukosea: palibaki vidole vinne tu vya Joyeuse, vimeshika sketi ya mama yake.

Kisha vita vikafika kijijini Alimbongo, Joyeuse akiwa huko kwa nyanya yake. Watu wakakimbia ovyo. Nyanya aliingia Butembo na godoro kichwani, peke yake. Kule parokiani, mwandikishaji wa watoto waliopotea aliitazama picha aliyoletewa na Mathe, akairudisha taratibu.

"Papa, hatuwezi kutafuta mutoto na vidole."

Nyingine hakuwa nayo. Na studio iliyoisafisha ilikuwa imeporwa. Askari walimwaga negatifu zote kwenye matope.

Aibu ilimkaba Mathe, lakini aibu haitafuti mtoto. Akaenda kwa Stanislas. Kavugho alikuwa amekwisha kufika, macho mekundu.

"Mathe, ni mimi nilionyesha pa kukata."

"Mukasi ilikuwa yangu, Madame."

"Leteni zile mbaya," Stanislas akawakatiza. "Zote tulisema zitupwe. Mutoto alikuwa anacheza hapa kila dimanche, hawezi kosa kupita mbele ya kamera ya mutu."

Wakaleta. Picha zilizokata watu vichwa, zilizoungua kwa jua, zenye kidole cha mpigaji mbele ya lenzi. Jumapili zote hizo walikuwa wakifundishana kusafisha pembe za picha. Leo hawakuangalia kitu kingine ila pembe. Walipata kiwiko. Walipata sikio, ambalo huenda lilikuwa lake na huenda halikuwa.

Ya mwisho ilikuwa ya Stanislas mwenyewe: Joyeuse mzima, kuanzia nywele hadi nyayo, akimfukuza kuku. Na kwa kuwa alikuwa mbioni, uso wote ulikuwa umefutika, kama chaki iliyopitiwa na kiganja.

Mathe akaivuta kwake.

"Ni yeye," Mathe alisema. "Muko munaona? Ni yeye."

"Ni yeye," Kavugho akajibu, haraka mno.

Asubuhi yake picha ilibandikwa kwenye ukuta wa parokia, kati ya nyuso za watoto wengine. Élise hakuweza kuukaribia ukuta ule, alibaki langoni. Mathe alikuwa bado anaikandamiza kwa kidole gumba pale mama mmoja, aliyetembea kwa miguu kutoka Kasugho, alipopenya katikati ya watu.

"Namujua huyu!"

Mathe akamgeukia. "Ulimuona wapi, mama? Wapi?"

"Ni wangu." Mwanamke yule alikuwa analia, kiganja chake juu ya picha. "Ni Elsa wangu. Anakimbiaka hivi."

"Hapana, mama. Huyo ni binti yangu. Walimupiga picha hapa hapa Butembo."

Hakumsikia. Mwanamume mmoja aliinama naye. "Ngojeni nione. Ni kama wa dada yangu." Wengine wakaja, kila mmoja na mtoto wake moyoni, na uso ule uliofutika ukawatosha wote. Mathe alisukumwa nyuma, mgongo baada ya mgongo, mpaka hakuiona tena picha.

Kule langoni, Élise aliona watu wameizunguka picha ya mwanawe, wanalia, wanaonyesha kwa vidole. Akakusanya kitenge chake mkononi, akaanza kukimbia kuelekea kwao, akiita jina la Joyeuse.