Wageni wa Benchi la Sebuleni

"Hivi mwenzangu, hawa wageni wako hawana kwao?" Bi Sindano aliuliza siku moja, amesimama mlangoni na utepe wake wa kupimia nguo shingoni.

"Wanako," mama mwenye nyumba alimjibu. "Wanasubiri kuitwa."

Bi Sindano akachungulia. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la sebuleni, kimya kama maji ya mtungini: mzee aliyeshika kofia, binti aliyejifunika khanga, na mwanamke aliyepakata kikapu. Wote walikwisha kuzikwa. Yule wa kikapu alimfahamu vizuri, maana gauni alilozikwa nalo alilishona yeye.

"Pindo limekaa sawa," alisema, akaingia kuomba chumvi.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye kazi ya kijana wa nyumba hiyo. Alikuwa fundi wa programu za kompyuta, na meza ya kulia ndiyo ofisi yake. Hospitali ilimpa kazi ya kutunza programu inayoita wagonjwa kwenye skrini. Programu hiyo ikaanza kuita watu waliokwisha kufa, na walio hai wakalalamika kwamba marehemu wanawachelewesha.

Kijana alikuwa na msaidizi ndani ya kompyuta, akili mnemba inayosoma programu na kuziandika. Ilijua mengi, ila ilikuwa na pupa: ikiona kosa inaliziba papo hapo, na kesho linachomoza kwingine. Basi akaifundisha ustadi wa kutafuta makosa. Aliiandikia kwa maneno ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mgeni kazini: usirekebishe kosa ambalo hujaliona, kwanza lifanye litokee tena mbele yetu, kisha lifuate mpaka lilikoanzia. Kwa haraka zake akasahau jambo ambalo kila fundi hulikumbuka, kuiambia itumie wagonjwa wa kubuni. Msaidizi ikawaita wagonjwa halisi kwa majina yao, kutoka pale pale mezani. Alasiri hiyo mwanamke wa kikapu akapiga hodi.

Mama akamkaribisha, akamwekea maji. Mgeni ni mgeni. Wengine walipofuata, akavuta benchi kutoka uani, na asubuhi akawa anafagia akizunguka miguu yao, akimaliza anawaombea kwa Mungu wakiwa palepale.

Msaidizi ikafuata kosa, ikafika lilikoanzia. Asiye na simu iliyosajiliwa kwa jina lake aliwekwa nyuma ya wenye simu. Na wenye simu hawakuwa wakiisha. Asiye na simu alisubiri mpaka akafa, na hata hapo foleni haikumtoa, kwa kuwa hajaonwa na daktari.

Kijana akampigia simu mkuu wa hospitali. Mama alikuwa akichambua mchele, akasikia yote.

"Hilo si kosa, bwana mdogo," mkuu alisema. "Tuliagiza wenyewe. Mwenye simu hatusumbui, tunamtumia ujumbe. Wewe futa majina ya marehemu. Watu wanaogopa."

"Lakini mzee, wakifutwa tu, wengine..."

"Futa. Au nimtafute fundi mwingine?"

Kijana akaandika agizo. Msaidizi ikajibu: "Huku ni kufunika, si kutengeneza. Nifanye?"

Aliitazama skrini mpaka chai yake ikapoa. Kisha akaandika: "Fanya."

"Mwanangu," mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Bi Sindano ana kifua. Kesho anakwenda huko."

"Nimesikia, mama."

Hospitalini skrini ikatulia, na mkuu akatuma shukrani. Sebuleni hakuondoka mtu.

Jioni Bi Sindano alipita, anakohoa na kucheka pamoja. Mama akamuuliza kama ana simu.

"Simu ya nini? Mimi nikiita kwa mdomo, mtaa wote unaitika."

"Basi chukua yangu."

"Si wanataka yenye jina langu? Acha, mwenzangu. Foleni ni kukaa tu, na kukaa nimezoea, cherehani imenifundisha."

Akaenda hospitali kesho yake, na kesho yake tena, na wiki iliyofuata. Kila aliporudi alisema bado hajaitwa, ila benchi la kule ni gumu kuliko la hapa. Halafu akaacha kupita. Mama akaenda kuzika na watu wengine wa mtaa.

Alasiri ya kurudi mazikoni, kijana alikuwa mezani na kazi yake. Mlango ukasukumwa bila hodi, kama ulivyozoea kusukumwa. Bi Sindano akaingia, utepe shingoni. Mwanamke wa kikapu akamsogelea mzee kumpisha, naye akakaa.

Mama akaweka glasi nyingine ya maji.

"Salimia, mwanangu."

"Shikamoo, mama," kijana alisema.

"Marahaba. Angalia hapo kwenye mashine yako, baba. Namba yangu bado?"

Kijana akafunika kompyuta. Akavaa viatu, akapita mbele ya magoti yao akiwa ameinama kidogo, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa, akatoka, akashika njia ya hospitali.