Kipande ya Pua Yangu

Mama yangu, maman Euphrasie, akishika kitu, hata polisi hawawezi kumunyang'anya. Na ile siku alishika kipande ya pua yangu.

Mimi ni albinos. Jua ya Bukavu ilinichoma tangu utoto, alors huku Bruxelles, mwaka wa tisini na nane, kidonda yangu ya pua ikaitwa cancer. Munganga Katrien wa hospitali alinielezea vizuri: anakata kipande kidogo, anaangalia kandokando yake mu microscope, na kama cancer ingali inaonekana pale anakata tena, mpaka pawe safi. Ikiachwa, itaingia mu jicho. Kisha anatoa ngozi nyuma ya sikio, anaziba nayo tundu. Bon.

Mama alikatala kungojea inje. Nilimubembeleza, bure. Donc niko nalala pale, pua imekufa ganzi, infirmière, musaidizi wa munganga, anakandamiza damu, na munganga anauliza kipande iko wapi. Mu sahani hakuna kitu. Nikageuza macho: mama anafunga fundo mu kitambaa yake.

Nilichoka, kweli nilichoka. Munganga alimuomba kwa upole. Mama akaleta mambo ya kwetu: kitovu yangu aliizika nyuma ya nyumba, kitu ya mwili haitupwi mu poubelle ya Wazungu. Nikamuambia haitupwi, inapimwa. Akasema ile pua ni yake, ni yeye aliizaa. Jameni, mimi mutu mwenye ndevu! Nikamuambia kichwa yake ni ngumu kama jiwe, na jicho yangu ikioza aizike nayo.

Akakaza fundo ya kitambaa. Kisha akasema polepole, "Noé, papa yako alibakia mu njia ya Walikale. Sikuzika hata kidole yake. Hii nayo nisizike?"

Hasira iliniisha palepale. Tangu tukimbie vita, papa tulikuwa hatumutaji.

"Maman," nikasema, "wasipoipima, utanizika mimi wote."

Alifungua kitambaa mwenyewe, munganga akaenda na kipande. Tulingojea sana. Mama alikuwa ananipangusa machozi na kunigombeza ati nisilie, chumvi itaingia mu kidonda.

Munganga alirudi, akaniambia kwa Kifaransa kwamba upande wa jicho kungali kunabakia kidogo. Nilitaka kumuomba aniache nipumzike, nirudi siku ingine. Mama hakungoja nimutafsirie. Alinishika kichwa na mikono mbili, isitikisike, akamuangalia munganga.

"Mukate tena," alisema.